Leslie Brown: Bwana shamba wa Embu aliyefuata tai

WENGI wanaomtaja marehemu Leslie Hilton Brown humkumbuka kwa ajili ya tai. Ni wachache wanaokumbuka kuwa mshahara wake ulitokana na udongo.

Alizaliwa nchini India mwaka wa 1917, akasomea Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, kisha kilimo cha nchi za joto kisiwani Trinidad. Baada ya kuhudumu Nigeria, aliwasili Kenya mwaka wa 1946 na kupelekwa Embu.

Udongo mwekundu wa miteremko ile ya Mlima Kenya una rutuba, ila msitu ukifyekwa mboji hupungua upesi. Mabwana shamba walihimiza makingamaji, samadi na matandazo, hasa katika mikahawa ambayo wenyeji wa Meru na Embu walianza kuruhusiwa kuipanda miaka ya 1930. Ushauri ulikuwa mwema, utekelezaji haukuwa hivyo daima: kazi ya lazima ya kuchimba matuta ilizua upinzani mkali Murang'a mwaka wa 1947.

Samadi ile ilikuwa na faida nyingine ambayo haikuwa ikizungumzwa sana enzi hizo. Mkahawa hunyunyiziwa dawa za kuua wadudu, na sehemu ya dawa hiyo huanguka chini. Penye mboji nyingi, kiasi kikubwa hunaswa, hivyo bakteria na kuvu wanaorutubisha ardhi hufikiwa na sumu kidogo. Aidha, viumbe hao hupata chakula, huongezeka tena, na baadhi yao huivunjavunja sumu yenyewe. Hata hivyo, kunaswa si kutoweka. DDT iliyoshikwa na mboji yaweza kudumu udongoni miaka mingi.

Jioni na siku za mapumziko, Brown alipanda kilima kimoja cha Embu kuhesabu viota vya tai, kazi aliyoiendeleza kwa miaka mingi. Mwaka wa 1954 aligundua heroe wakizaliana Ziwa Natron, na nusura tope la magadi limuue.

Alipanda ngazi hadi uongozi wa juu wa Idara ya Kilimo, akaiacha mwaka wa 1963. Katika kitabu chake cha 1976 kuhusu ndege mbuai wa Uingereza, aliangazia madhara ya dawa za mashambani kwa ndege hao. Sumu iliyokuwa imewapita viumbe wa udongoni ilikuwa imemfikia tai.

Brown alifariki mwaka wa 1980. Juzuu ya kwanza ya kitabu kikubwa cha ndege wa Afrika, alichoshiriki kukiandika, ilitoka mwaka wa 1982.