John Snow: Daktari aliyepima dawa ndani ya pumzi

Dunia inamkumbuka John Snow kwa pampu ya maji ya Broad Street jijini London, iliyong'olewa mpini Septemba 1854 baada ya yeye kuonyesha kuwa maji yake yalikuwa yakieneza kipindupindu. Lakini kazi iliyompatia riziki ilikuwa nyingine: kuwapa wagonjwa dawa kwa njia ya kuvuta pumzi.

Snow alizaliwa mjini York, kaskazini mwa Uingereza, Machi 15, 1813, akiwa mtoto wa kwanza kati ya tisa wa baba kibarua. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza utabibu, na mwaka 1836 akahamia London. Hakuoa, na kwa miaka mingi hakula nyama wala kugusa pombe. Suala la kupumua lilimvutia mapema. Mwaka 1841 aliandika kuhusu namna ya kuwaokoa watoto wanaozaliwa bila kupumua.

Swali la kipimo

Oktoba 1846, madaktari wa Boston, Marekani, walionyesha hadharani kwamba mgonjwa aliyevuta mvuke wa etha anaweza kupasuliwa bila kusikia maumivu. London iliipokea habari hiyo Desemba, na madaktari wakaanza kuijaribu. Wagonjwa wengine walilala, wengine walihangaika macho.

Snow aliuliza: kila pumzi inabeba dawa kiasi gani? Aliona kuwa etha ikipata joto hutoa mvuke mwingi, na kwenye baridi hutoa kidogo. Mwaka 1847 akatengeneza chombo cha chuma chenye njia ya kuzunguka ndani yake, kikakaa kwenye maji yenye joto linalojulikana. Hewa ilipopita humo, daktari alijua imebeba dawa kiasi gani.

Mwaka huohuo klorofomu ilianza kutumika. Ilikuwa na nguvu zaidi, na ilitosha kuimwaga kwenye kitambaa. Januari 28, 1848, Hannah Greener, msichana wa miaka 15, alifariki karibu na Newcastle alipopewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Madaktari walibishana kuhusu chanzo. Kwa Snow, tatizo lilikuwa kipimo: kitambaa kinaweza kumpa mgonjwa mvuke mzito ghafla, na moyo ukasimama. Yeye alitaka mvuke usizidi takriban sehemu tano kwa mia ya hewa inayovutwa.

Alitoa klorofomu kwa wagonjwa zaidi ya 4,000. Malkia Victoria alikuwa mmoja wao, katika uzazi wa mwaka 1853 na wa 1857. Hapo Snow alitumia leso, lakini kwa matone machache machache. Alijaribu pia kumpa sungura klorofomu kupitia tundu lililotobolewa kooni, moja kwa moja kwenye njia ya hewa.

Swali lingali hai

Leo, katika vyumba vya wagonjwa mahututi, mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hupewa dawa ya kufungua mapafu kupitia bomba lililoingizwa kwenye njia yake ya hewa. Dawa hiyo ni matone madogo mno, si mvuke kama ule wa Snow, na sehemu yake hunasa kwenye kuta za bomba kabla ya kufika. Unyevu huyafanya matone yawe makubwa zaidi, nayo matone makubwa hayafiki ndani ya mapafu. Hata mahali kifaa cha dawa kinapounganishwa kwenye bomba hubadilisha kiasi kinachomfikia mgonjwa. Dawa iliyowekwa kwenye kifaa, basi, si kipimo cha dawa iliyopokelewa na mapafu.

Snow alipatwa na kiharusi Juni 1858 akiwa anakamilisha kitabu chake kuhusu klorofomu. Alifariki Juni 16, akiwa na miaka 45. Kitabu kilichapishwa mwaka huohuo.