Mtakatifu Fransisko wa Sales, mwandishi

Fransisko alizaliwa katika mwaka 1567, katika nchi ya Savoie. Siku hizi nchi ile ni sehemu ya Ufaransa. Ina milima mirefu, na wakati wa baridi theluji inafunika njia. Baba yake alikuwa mtu mkubwa. Alimtuma kusoma Paris, halafu Padova katika Italia, apate kujua sheria. Fransisko akawa daktari wa sheria, lakini moyo wake ulitaka kazi nyingine. Katika mwaka 1593 akawa padri.

Mwaka uliofuata akatumwa Chablais, karibu na ziwa la Geneva. Watu wa huko walikuwa Waprotestanti tangu miaka karibu sitini, wala hawakutaka padri kati yao. Akakaa Allinges, katika boma la askari juu ya kilima. Kutoka huko alishuka kwa miguu mpaka mji wa Thonon, akahubiri, kisha akapanda tena. Wakubwa wa mji wakakataza watu wasimsikilize. Alihubiri mbele ya watu wa kuhesabu kwa vidole. Miezi ikapita hivyo. Baba yake akamwomba arudi nyumbani, asije akauawa bure.

Hakurudi. Alifikiri hivi: mtu anayeogopa kuonekana akisikiliza padri, haogopi kusoma nyumbani mwake, mlango umefungwa. Tena neno la mdomo linapita upesi, lakini karatasi inangoja. Msomaji anaweza kuirudia mara mbili, mara tatu, na kuipima polepole. Basi katika mwaka 1595 akaanza kuandika. Karatasi zake zilinakiliwa, zikagawanywa mjini. Wanasimulia kwamba nyingine zilisukumwa chini ya milango. Wasomaji hawakumpenda, naye alijua. Hata hivyo aliwaita mabwana, kwa heshima, akawaeleza sababu moja moja, kama watu wenye akili.

Kufika mwaka 1598 wengi walikuwa wamerudi katika Kanisa Katoliki. Si karatasi peke yake zilizofanya hivyo: mtawala wa Savoie alitumia nguvu zake pia, tusilifiche.

Katika mwaka 1602 Fransisko akawa askofu wa Geneva, lakini alikaa Annecy, kwa sababu Geneva ilikuwa mji wa Waprotestanti. Ingawa kazi zilikuwa nyingi, aliandika barua maelfu. Bibi mmoja wa jamaa yake, Louise de Charmoisy, alitaka kujua namna ya kumtumikia Mungu bila kuacha mume, nyumba na kazi zake. Askofu akamwandikia mashauri, akitumia mifano ya nyuki, ndege na maua. Bibi akamwonyesha padri mmoja karatasi zile. Padri akasihi zipigwe chapa. Ndivyo kilivyopatikana kitabu cha mwaka 1609. Ndani yake Fransisko hasemi na umati. Anasema na mtu mmoja, anamwita Filotea, yaani anayempenda Mungu. Kwa hiyo askari, mjane au fundi akikisoma, anajiona ameandikiwa yeye.

Lakini Filotea ni jina la mwanamke! Wanaume wengine wakaona haya kusoma mashauri yaliyoandikiwa mwanamke. Fransisko hakukasirika. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1616 alimwandikia Teotimo, jina la mwanamume.

Hata mtu asiyeweza kusoma wala kusikia hakumwacha. Kulikuwa na kiziwi mmoja, jina lake Martin. Askofu mwenyewe akamfundisha dini kwa ishara za mikono, mpaka akapokea Komunyo.

Fransisko alikufa Lyon, tarehe 28 Desemba 1622. Katika mwaka 1923 Papa Pio XI alimweka kuwa msimamizi wa waandishi. Wasalesiani, waliofika Elisabethville (leo Lubumbashi) katika mwaka 1911, wamechukua jina lao kwake.

Na zile karatasi za Chablais? Zilisahauliwa siku nyingi. Katika mwaka 1658 zikaonekana tena katika jumba la ukoo wake, na katika mwaka 1672, miaka hamsini baada ya kufa kwake, zikapigwa chapa kuwa kitabu.