MAISHA YA JOHN FEE, MWENYE KUANZISHA KOLEGI YA BEREA

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu aliyepoteza urithi wa baba yake, lakini akaacha shule ambayo ingali inafundisha hata leo.

John Gregg Fee alizaliwa mwaka 1816 katika jimbo la Kentucky, inchi ya Marekani. Baba yake alikuwa mkulima mwenye watumwa weusi. Kijana alikomea katika mambo hayo, naye hakuona ubaya. Lakini alipokwenda kusomea uchungaji huko Cincinnati, wenzake wawili wakamwonyesha kama mtu hawezi kumpenda jirani yake na tena kumuuza kama mbuzi. Fee akapiga magoti peke yake chini ya miti, akamwahidi Mungu kupinga utumwa, hata ikimletea hasara.

Hasara ikakuja kweli. Baba yake akakasirika sana, akamnyima urithi. Fee naye akatoa feza zake, akamnunua kwa baba yake mama mmoja mtumwa, Julett Miles, ili amuache huru. Mwaka 1858 mama huyo alirudi Kentucky kuchukua watoto na wajukuu wake waliobaki utumwani. Wakamkamata, akafia gerezani.

Tajiri mmoja, Cassius Clay, alimpa Fee ekari 10 za udongo. Hapo akajenga nyumba na kanisa, na mwaka 1855 ikaanza shule ya chumba kimoja tu. Jina la Berea lilitoka katika Matendo ya Mitume sura ya 17, ule mji wa Beroya ambao watu wake walipenda kuchunguza Maandiko. Katika sura hiyo hiyo tunasoma kama mataifa yote yametoka kwa mtu mmoja. Neno hilo likawa msingi wa shule: kufundisha wote, weusi na wazungu, mabinti na vijana.

Wakubwa wa inchi hawakukubali. Mwezi wa 12 mwaka 1859 watu wenye silaha walikuja Berea, wakawapa walimu na jamaa zao siku 10 tu za kuhama jimbo. Shule ikafungwa.

Wakati wa vita, mwaka 1864, Fee alikwenda Camp Nelson, kambi ya askari, kufundisha askari weusi kusoma na kuandika. Mwaka huo, katika baridi kali, wakubwa wa kambi wakafukuza wake na watoto wa askari hao, watu karibu 400. Wengi wakakufa. Fee akasaidia kuwajengea wale waliobaki makao.

Kisha vita Berea ikafunguliwa tena. Mwaka 1866, watoto weusi wa kwanza walipoingia darasani, wazungu wengi walisimama wakatoka. Fee na wenzake hawakufukuza weusi ili kuwapendeza wazungu. Pole pole wengine wakarudi. Mwisho wa mwaka ule wa masomo kulikuwa wanafunzi 187: weusi 96, wazungu 91.

Fee alikufa mwaka 1901. Miaka mitatu nyuma, 1904, Kentucky ikatunga sheria ya kukataza weusi na wazungu kusoma pamoja. Kolegi ikaenda mpaka korti kuu ya Marekani, ikashindwa mwaka 1908. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1950 tu.

Leo Berea ni kolegi ndogo ya elimu mbalimbali: lugha, historia, sayansi, muziki, kazi za ufundi. Tangu mwaka 1892 mwanafunzi halipi minervali. Lakini kila mmoja anafanya kazi saa 10 ao zaidi kila juma: jikoni, shambani, ofisini. Si salongo ya kuadhibiwa. Ni sehemu ya masomo.

Ndugu wanafunzi, kumbe shule si nyumba na diploma tu. Sisi hapa, wakati wa kula, tunaketi namna gani? Kila kabila meza yake? Fee hakungoja sheria ya serkali ndipo aketishe watu pamoja. Basi na sisi tusingoje Bwana Prefe atupangie viti.