Ibn al-Haytham na Tundu la Nuru

Siku ya Ijumaa, tarehe 15 Januari, 2010, asubuhi, jua lilipatwa katika Bonde la Ufa. Mwezi ulikaa katikati ya jua lakini haukuweza kulifunika lote, likabaki duara la moto mfano wa pete. Aliyekuwa Nakuru saa ile, akatazama chini ya mti badala ya kukodoa macho juu, angaliweza kuziona pete hizo zimetapakaa mchangani, kila upenyo wa majani ukichora yake. Na aliyebaki ndani ya nyumba ya mabati yenye tundu la msumari angaliiona ukutani.

Ajabu hiyo, msomaji mpenzi, ilipata mtu wa kuieleza yapata miaka elfu moja iliyopita. Naye ni Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, ambaye Wazungu humwita Alhazen.

Alizaliwa Basra, Iraki, karibu mwaka 965, yaani 354 Hijria. Yasemekana alijigamba kwamba angeweza kuyatawala maji ya Mto Nile, na habari zikamfikia al-Hakim, Khalifa wa Kifatimi wa Misri, akamwita Kairo. Bwana huyu akasafiri kusini mpaka upande wa Aswan. Njiani aliyaona majengo makubwa ya watu wa kale, akatambua kuwa lau jambo lile lingewezekana, mafundi wale wangalikwisha kulifanya. Akarudi na kukiri kushindwa. Kukiri mbele ya mtawala yule hakukuwa mchezo, kwani alijulikana kwa ukali. Akapewa kazi serikalini, lakini hofu haikumtoka, akajifanya mwendawazimu. Akafungiwa nyumbani mwake, na hakujirudisha akili mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021.

Katika zama hizo ndipo alipotunga Kitab al-Manazir, juzuu saba juu ya nuru na macho. Wakubwa wa Kiyunani kama Euclid na Ptolemy walifundisha kuwa jicho hutoa miali yake kwenda kukigusa kitu. Yeye akapinga: nuru ndiyo itokayo kwenye kitu ikaingia jichoni. Tena hakutosheka na maneno. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, na ukutani zikaonekana alama za mwanga kwa idadi ya taa zile. Taa moja ikifunikwa, alama yake peke yake hutoweka. Basi nuru zote zilipita katika tundu moja bila ya kuchanganyika!

Kitabu kingine alikitenga kwa ajili ya sura ya jua linapopatwa. Humo alieleza kwa hesabu kwa nini jua lililoliwa upande hutoa umbo la hilali likipita katika tundu jembamba, na kwa nini tundu likipanuliwa hilali ile hufifia ukabaki mwanga wa duara tu.

Wako wapendao kusema kuwa yeye ndiye aliyebuni kamera. Sifa hiyo si yake, wala haihitaji. Wachina na Wayunani walikwisha kuiona ajabu ya tundu kabla yake, na neno kamera, ambalo wengine hulivuta mpaka kwenye Kiarabu, limetoka katika Kilatini, maana yake chumba. Kazi yake ilikuwa kupima na kuthibitisha. Hata leo, mtu akipigwa picha ya pasi mjini Nakuru, sura yake huingia ndani ya kamera kichwa chini, kwa sababu ile ile ya miali kupishana kwenye tundu.

Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa huko Basel, Uswisi. Mwenyewe hakupata utajiri wowote. Baada ya kuachiwa alikaa karibu na msikiti wa al-Azhar, akijilisha kwa kunakili vitabu vya hesabu na kuviuza, hata akafariki Kairo karibu mwaka 1040.