Gerty Cori: Miaka 16 Bila Uprofesa, Halafu Nobel

Kama unasoma udaktari au biolojia basi mzunguko wa Cori umeshaukariri usiku wa kuamkia mtihani. Sisi wa uhandisi tuliponea hapo. Lakini wengi wanaoukariri hudhani huyo Cori ni mzee mmoja wa kizungu mwenye ndevu zake. Kumbe ni watu wawili, mume na mke, na leo nataka tumzungumzie mke, maana mume alipewa kiti mapema na mke akaachwa asimame.

Gerty Theresa Radnitz alizaliwa Prague tarehe 15 Agosti 1896, wakati mji ule ukiwa bado chini ya dola ya Austria na Hungaria. Familia yao ilikuwa ya Kiyahudi, yenye uwezo wake. Baba alikuwa meneja wa viwanda vya sukari, na binti naye akaja kuyamaliza maisha yake kwenye sukari hiyo hiyo, ila ya mwilini. Shule za wasichana enzi hizo hazikumwandaa mtu kwa chuo kikuu. Alipoamua kuwa daktari, akitiwa moyo na mjomba wake, alijikuta hana Kilatini, hesabu hazitoshi, fizikia na kemia ndiyo kabisa. Akakaa chini akaziba pengo la miaka kwa muda mfupi wa kushangaza, na mwaka 1914 akaingia kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Wajerumani cha Prague.

Hapo ndipo alipokutana na Carl Cori. Wakapendana, wakafanya utafiti wa kwanza pamoja wakiwa bado wanafunzi, na mwaka 1920 wakahitimu na kuoana. Ulaya ya baada ya vita ilikuwa na njaa. Gerty alifanya kazi katika hospitali ya watoto Vienna, chakula kikawa duni mpaka macho yakamuuma kwa kukosa vitamini A. (Waambieni wale wanaotuuliza huku kama kwetu kuna chakula.) Juu ya njaa kulikuwa na chuki dhidi ya Wayahudi, na Gerty kuingia Ukatoliki ili aolewe hakukumwondolea asili yake machoni pa watu. Wakaona hapakaliki. Mwaka 1922 Carl akapata kazi katika taasisi ya utafiti wa saratani mjini Buffalo, Marekani, na Gerty akamfuata miezi michache baadaye.

Dada zetu waliokuja huku kwa viza ya mume wataielewa hali yake bila mimi kueleza sana. Mume ana cheo, mke ana shahada ile ile lakini anatafutiwa pa kushikizwa. Mkurugenzi wa Buffalo alimtaka aache kushirikiana na mumewe, abaki chumbani kwake na darubini, la sivyo atafukuzwa. Akakaa kimya kidogo, kisha wakaendelea kama kawaida. Baadaye chuo kikuu kimoja kikamtaka Carl, kwa sharti kwamba aache kufanya kazi na mkewe, na Gerty akaambiwa waziwazi kwamba anamharibia mumewe maisha, kwani jambo hilo si la Kimarekani. Carl akaikataa kazi ile. Hapo nampa heshima yake, maana wangapi wetu wangeikataa?

Katika mazingira hayo ndipo mwaka 1929 walipokamilisha ule mzunguko. Ukikimbilia basi, misuli inavunja akiba yake ya sukari, yaani glaikojeni, haraka kuliko oksijeni inavyofika, inabaki asidi laktiki. Asidi ile haitupwi. Damu inaichukua hadi kwenye ini, ini linaigeuza tena kuwa glukosi, glukosi inarudi kwenye misuli.

Mwaka 1931 wakahamia Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, jimbo la Missouri. Carl akawa profesa na mkuu wa idara. Gerty akawa mtafiti msaidizi, kwa mshahara uliokuwa kipande tu cha ule wa mumewe. Maabara ni moja, makala wanaandika wawili, lakini karatasi za ajira zinasema mambo mengine! Cheo cha profesa kamili alikuja kukipata mwaka 1947, mwaka ule ule wa Nobel. Piga hesabu mwenyewe.

Na kazi aliyoifanya ndani ya miaka hiyo si mchezo. Swali lilikuwa: glaikojeni inavunjwaje? Wengi walidhani maji ndiyo yanayoikata. Akina Cori walichukua misuli ya chura, wakaisaga, wakaiosha, wakaiweka pamoja na fosfeti, na mwaka 1936 wakapata kitu kipya, glukosi iliyobeba fosfeti kwenye kaboni yake ya kwanza. Mwezi wa Agosti mwaka huo Gerty alijifungua mtoto wao wa pekee, na kazi hakuiacha mpaka siku za mwisho za mimba, katika joto la St. Louis. Kisha wakakipata kimeng'enya chenyewe kinachofanya kazi hiyo, wakakiita fosforilesi, na mwaka 1939 wakakitumia kinyumenyume kutengeneza glaikojeni ndani ya chupa. Molekuli kubwa kama ile wengi waliamini hutengenezwa na seli hai tu.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo mimi kama mhandisi inanikosesha usingizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakiwa na mwenzao Arda Green, waliipata fosforilesi katika fuwele, wakagundua iko ya namna mbili. Ya kwanza, *a*, inafanya kazi yenyewe. Ya pili, *b*, imelala mpaka uitilie kemikali iitwayo AMP. Wakapata pia kimeng'enya kingine kinachoigeuza *a* kuwa *b*. Tafsiri ikaonekana iko wazi: *a* ina AMP ndani yake, na kile kimeng'enya kinaiondoa. Wakaitafuta AMP hiyo ndani ya *a*. Haikuonekana.

Jibu lilipatikana Seattle mwaka 1955. Edwin Krebs, aliyefanya kazi kwa akina Cori miaka ya 1946 hadi 1948, na mwenzake Edmond Fischer walijaribu kuandaa *a* kwa kufuata maelekezo ya St. Louis, ila badala ya kuchuja kwa karatasi wakatumia mashine ya kuzungusha. Wakapata *b* tupu. Warudishe karatasi, *a* inarudi! Kumbe karatasi ilikuwa inatoa kalsiamu, nayo kalsiamu inawasha kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka ATP na kuibandika kwenye protini. Tofauti ya *a* na *b* ilikuwa fosfeti hiyo: ikibandikwa swichi imewaka, ikibanduliwa imezimika. Gerty alikuwa ameishika swichi mkononi zaidi ya miaka kumi, na kimeng'enya cha kuizima alikuwa nacho, akidhani kinaondoa kitu kingine. Krebs na Fischer walipata Nobel yao mwaka 1992. Leo tunajua binadamu ana zaidi ya vimeng'enya 500 vya kubandika fosfeti, na wenzetu wa proteomiki wanapima kwa spektrometa maelfu ya sehemu zilizobandikwa katika sampuli moja. Dawa ya imatinib ya saratani ya damu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, inaziba kimojawapo cha vimeng'enya hivyo.

Nobel ya 1947 ya tiba, nusu ilikwenda kwa akina Cori na nusu kwa Bernardo Houssay wa Argentina. Gerty alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata ya tiba, na wa tatu tu katika sayansi, baada ya Marie Curie na bintiye Irène. Lakini mwaka huo huo, akipanda milima Colorado, alizimia. Madaktari wakakuta uboho wake unakufa polepole, hautengenezi damu ya kutosha. Akaishi miaka 10 zaidi kwa kuongezewa damu, akiwa na kitanda kidogo ofisini cha kujilaza kati ya jaribio na jaribio. Mwaka 1952, katika hali hiyo, yeye na Carl walionesha kwamba watoto wenye ugonjwa wa von Gierke, ambao ini lao hujaa glaikojeni, wanakosa kimeng'enya kimoja mahususi. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza kabisa ugonjwa wa kurithi kufuatiliwa hadi kwenye kimeng'enya. Ugonjwa mwingine wa jamii hiyo unaitwa kwa jina la Cori hadi leo.

Alifariki St. Louis tarehe 26 Oktoba 1957. Sita kati ya waliopita maabara ile walipata Nobel zao wenyewe: Ochoa, Kornberg, Leloir, Sutherland, de Duve na Krebs. Mwaka 2008 posta ya Marekani ikatoa stempu yenye picha yake na mchoro wa ile glukosi yake yenye fosfeti. Mchoro ulikuwa na kosa.