Claude Bernard: Mtafiti aliyefichua usemi wa ubongo juu ya sukari mwilini

MNYAMA akikosa chakula kwa siku kadhaa, sukari haiishi katika damu yake. Aliyetegua kitendawili hicho ni mwanasayansi Mfaransa, Claude Bernard.

Bernard alizaliwa Julai 12, 1813 kijijini Saint-Julien, katika familia ya wakulima wa mizabibu. Ujanani alikuwa mwanagenzi katika duka la dawa mjini Lyon, huku akitamani kuwa mwandishi wa tamthilia. Alipowasilisha mswada wake jijini Paris, mhakiki Saint-Marc Girardin alimshauri asomee udaktari ili apate riziki.

Ushauri huo ulibadilisha mkondo wa maisha yake. Alihitimu mnamo 1843, akiwa tayari msaidizi wa François Magendie katika Collège de France.

Mnamo 1848 alibaini kwamba ini hutengeneza sukari hata mnyama asipolishwa chochote kitamu. Wakati huo wataalamu waliamini kuwa ni mimea pekee yenye uwezo huo. Mwaka uliofuata alidunga sungura sehemu ya chini ya ubongo. Muda si muda, sukari ikajaa katika damu na mkojo wake. Ikadhihirika kwamba ubongo nao una usemi juu ya nishati ya mwili. Aidha, mnamo 1857 alitenga glaikojeni, akiba ya sukari iliyomo ndani ya ini.

Hata hivyo, ufanisi huo ulivunja nyumba yake. Fanny Martin, aliyemwoa mnamo 1845 na ambaye mali yake ndiyo iliyomwezesha kuendelea na utafiti, alichukizwa na upasuaji wa wanyama walio hai. Hatimaye walitengana, na Fanny pamoja na binti zao wakawa upande wa waliopinga majaribio hayo.

Bernard alifariki Februari 10, 1878, akawa mwanasayansi wa kwanza kuzikwa kwa heshima za kitaifa nchini Ufaransa.

Mnamo 1994, watafiti nchini Marekani walitambua leptini, homoni ya mafuta ya mwili inayoujulisha ubongo kiasi cha akiba iliyopo, nao ukapunguza au kuongeza hamu ya kula. Njia hiyo ilianza kufunguliwa na sindano ya Bernard. Lakini swali la mkewe, kuhusu haki ya binadamu kumtesa mnyama ili apate maarifa, lingali linaulizwa katika maabara hadi leo.