Admirali Makarov na Mabomu ya Baharini

Leo napenda kuwasimulia habari za Admirali Stepan Makarov wa Urusi. Mtu huyu alijua sana namna meli zinavyotobolewa na namna ya kuziokoa, na mwisho aliuawa na bomu la baharini.

Alizaliwa mwaka 1849 katika mji wa Nikolaev, karibu na Bahari Nyeusi, ambao siku hizi umo katika nchi ya Ukraine. Hakutoka katika ukoo mkubwa. Baba yake aliwahi kuwa serahangi wa meli. Kijana alipofika umri wa miaka 21 aliandika juu ya meli zilizotoboka. Aliona kuwa pampu peke yake haziwezi kuyashinda maji, basi akabuni turubali zito la kuteremshwa nje ya meli, mahali penye tundu. Maji yenyewe, yakiwa yanaingia kwa nguvu, hulivuta lile turubali na kulibana tunduni, kama jani linavyoziba mfereji. Jambo hili lilinipendeza mno, kwani adui hufanywa fundi!

Katika vita vya Waturuki, mwaka 1877 na 1878, alichukua mashua ndogo juu ya meli yake, akazishusha usiku kuziendea manowari za adui. Baadaye alizunguka dunia akipima bahari, na mwaka 1898 meli yake mashuhuri ya kuvunja barafu, Yermak, iliundwa Uingereza.

Mwaka 1904 Wajapani waliwashambulia Warusi katika bandari ya Port Arthur, nchini Uchina. Makarov akapelekwa huko, akafika mwezi wa Machi. Mabaharia waliokuwa wamevunjika moyo walifurahi sana, kwani yeye hakukaa bandarini, bali alitoka mara kwa mara kumkabili adui. Lakini Wajapani waliitazama njia aliyozoea kupita.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Aprili, taa za ngome zilimulika vyombo vikienda huku na huko nje ya bandari. Makarov aliviona. Hakuruhusu mizinga ipigwe, maana alikuwa ametuma vyombo vyake mwenyewe doria usiku ule. Kumbe walikuwa Wajapani wakitega mabomu. Bomu la namna hiyo hufungwa kwa nanga, likakaa chini kidogo ya uso wa maji. Lina pembe, na meli ikigusa pembe moja tu, baruti huwaka.

Asubuhi ile njia haikufagiliwa. Chombo kimoja cha Warusi kilikuwa kimezingirwa na adui, na admirali akatoka mbio kukisaidia. Mwenzangu mmoja wa bwenini, nilipomweleza habari hii, alisema ni uzembe. Mimi sikubaliani naye. Watu wake walikuwa wanauawa mbele ya macho yake; ni nani angengoja?

Alipoona manowari nyingi za Kijapani zinakuja aligeuka kurudi. Hapo ndipo meli yake, Petropavlovsk, ilipogusa bomu. Moto ulifika ghala za baruti, na kwa muda wa dakika mbili hivi meli ikazama. Turubali lingefaa nini hapo? Walikufa watu zaidi ya 600, na miongoni mwao Vereshchagin, mchoraji mashuhuri wa picha za vita. Waokoaji waliokota koti la admirali likielea, yeye hawakumwona.

Siku ile ile manowari Pobeda nayo iligusa bomu, ikatoboka, lakini ikarudi bandarini. Tarehe 15 Mei ikawa zamu ya Wajapani. Warusi nao walikuwa wamechunguza njia ya adui wakatega mabomu yao, na Hatsuse na Yashima zikaangamia siku moja, mbili katika manowari kubwa sita walizokuwa nazo Wajapani.